Ticha Mpya? Probesheni Sio ya Milele

Ushamaliza kusomea ualimu, namba ya TSC unayo, na shule ya praiveti imekupea job. Poa. Sasa jua probesheni inaenda aje.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema isipite miezi 6. Wakitaka kuongeza, lazima ukubali, na nyongeza pia haipiti miezi 6. Kukuachisha kabla iishe, wakupee notisi ya siku 7 ama mshahara wa siku 7. Na wewe ukitaka kutoka, unapeana notisi ya siku 7.

So weka kopi ya kandarasi na skimu zako zote. Probesheni ikiisha, itisha barua ya kuthibitishwa kazini. Maneno ya mdomo yanaweza kuwa ngumu kuthibitisha kortini.