Kobalti ya Kolwezi, Mchanga wa Hale

Historia za umeme wa Mto Pangani hupenda kuhesabu megawati. Maporomoko ya Pangani, miaka ya 1930. Hale, wilayani Korogwe, 1964, megawati 21. Nyumba ya Mungu, miaka minne baadaye, megawati 8. Pangani mpya, 1995, megawati 68. Kisha huja ukame na mgawo wa umeme, ikaja gesi ya Songo Songo mwaka 2004, na msomaji anahamishwa kutoka Korogwe hadi mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi, Dar es Salaam, bila kuambiwa ni nini kilichobadilika ndani ya mtambo wenyewe. Chuma hakitajwi.

Wanaokitaja hunikera zaidi. Masimulizi ya kawaida ya uhandisi yanasema utando unaolinda mapanga ya turbini za moto ni kazi ya maabara za Marekani na Ulaya, mwanzo hadi mwisho. Afrika ilinunua mtambo ukiwa umeshavikwa. Nusu ya dai hili nalikubali. Nusu ya pili haisimami mbele ya kobalti.

Tuanzie majini. Bwawa la Nyumba ya Mungu hutuliza tope linaloshuka kutoka Kilimanjaro na Meru, lakini Mkomazi na Luengera huingia katika Pangani chini ya bwawa hilo, zikiwa zimebeba udongo wa milimani, na Hale iko mbele yao. Katika tope la milima ile mna kwatzi. Kwenye kipimo cha Mohs kwatzi ina ugumu wa 7, na chuma cha pua kinachotengenezewa magurudumu ya turbini za maji hakifikii hapo. Garneti, ambayo wachimbaji wa Handeni huiuza kama kito, hutoka katika ukanda uleule wa miamba na milima hiyo, unaoitwa ukanda wa Msumbiji, na ni ngumu kuliko kwatzi kwa kiasi kidogo. Maji yenye mchanga wa namna hii hukwangua chuma usiku na mchana, na viputo vya mvuke vinavyopasuka juu yake humalizia kwa kukidonoa mashimo. Ningependa kuona mtu akiandika historia ya Hale kutokana na madaftari ya matengenezo: sehemu ipi ilichomelewa, baada ya mvua zipi, kwa elektrodi ya aina gani. Ingekuwa historia nzuri kuliko jedwali lolote la megawati.

Dawa ya kisasa ya mchanga huo ni kunyunyizia chuma kabidi ya tangsteni kwa mwendo mkali, chembechembe zake zikiwa zimeshikwa na kobalti. Mchanganyiko wenyewe una umri mkubwa. Krupp wa Ujerumani waliuingiza sokoni mwaka 1926 kwa jina la Widia, kwa ajili ya kukatia vyuma. Wazee wa mkonge wa Ngombezi na Magunga walilijua jina la Krupp kwa njia nyingine, kwenye mashine za korona za kuchakata mkonge, bila kuwa na sababu ya kujua kwamba kampuni hiyohiyo ilikuwa imepata metali iliyosifiwa kuwa ngumu kama almasi. Ila Widia haipendi moto. Ikipita nyuzi joto 500 hivi huanza kuungua na kuharibika, na mhandisi analazimika kuhamia kwenye kabidi ya kromiamu iliyoshikwa na nikeli, ambayo huvumilia hadi karibu nyuzi 850.

Na hizo bado ni nyuzi za chini. Katika turbini kubwa ya gesi, moto unaopita kwenye safu ya kwanza ya mapanga unazidi joto la kuyeyusha aloi ya panga lenyewe. Panga linaishi kwa sababu hewa iliyopoa zaidi inapulizwa ndani yake, na kwa sababu limevikwa. Njia ya zamani ni kulizika katika unga wenye alumini na chumvi na kulipasha moto hadi karibu nyuzi 1,000: alumini huingia katika ngozi ya nikeli, na kazini ngozi hiyo hujitengenezea gamba jembamba la oksidi linalozuia hewa isile ndani zaidi. Miaka ya 1970 ukaenea utando wa kobalti au nikeli uliochanganywa na kromiamu, alumini na itriamu isiyofika asilimia moja, baadaye kauri ya zirkonia juu yake. Haya yameandikwa vizuri na wenyewe, nayapita.

Wanachokipita wao ni msuguano. Mapanga hutetemeka, na pale ncha zao zinapogusana husagana maelfu ya mara kwa dakika. Gamba la oksidi peke yake halidumu hapo. Mahali hapo padogo, pa ukubwa wa ukucha, mafundi huweka aloi ngumu ya kobalti na kromiamu, kwa sababu katika joto kali kobalti hutengeneza uso laini wa oksidi unaoteleza badala ya kung'ang'aniana. Aloi za ukoo huo zilianza na Elwood Haynes wa Kokomo, jimbo la Indiana, aliyepata hataza ya kwanza mwaka 1907 na kuziita Stellite. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipotafuta chuma cha mapanga ya turbo za ndege, walikikuta kwa watengeneza meno ya bandia: aloi ya kobalti iliyozoea kukaa kinywani ikaingizwa kwenye moshi wa injini. Na tangu miaka ya 1920 bingwa wa kutoa kobalti hiyo duniani alikuwa jimbo la Katanga, Kongo, chini ya kampuni ya Union Minière.

Sasa tufike Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC waliingia mjini humo. Siku sita baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka kutoka angani. Katanga wakati huo iliitwa Shaba, nchi iliitwa Zaire, na nchi hiyo ilikuwa ikitoa takriban nusu ya kobalti ya dunia. Mwanzoni mwa mwaka ratili moja iliuzwa chini ya dola 7. Mapema mwaka uliofuata bei rasmi ya wazalishaji ilikuwa 25, na kwenye soko la huria wenye haraka walilipa zaidi ya 40. Kobalti ilisafirishwa kwa ndege, mzigo ambao kabla ya hapo ulitosheka na reli na meli.

Tafsiri iliyozoeleka inasema vita vilifunga migodi, kobalti ikaadimika, bei ikapanda. Sina subira nayo. Bei ilikwishaanza kusogea kabla ya Mei, kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vinanunua kwa wingi, na uzalishaji wa Zaire mwaka ule haukuanguka kwa kiasi kinacholingana na kupaa kwa bei. Kilichopaa ni hofu. Tafsiri ya pili inastahili kusikilizwa: kwamba nikeli ilikwishashinda, kwani Waingereza walikuwa na aloi zao za Nimonic tangu miaka ya 1940, na kufikia 1978 mapanga yanayozunguka yalikuwa ya nikeli karibu yote. Ni kweli. Lakini kobalti ilibaki mle ndani kama kiungo cha aloi hizo za nikeli, ilibaki katika mapanga yasiyozunguka, katika utando, na katika ule ukucha wa msuguano. Baada ya Kolwezi watu wenye fedha waliketi kuhesabu ni kiasi gani cha Katanga kimo ndani ya injini moja.

Hesabu hiyo ipo kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 NASA, kupitia kituo chake cha Lewis kilichoko Cleveland, iliendesha mpango ulioitwa COSAM wa kubana matumizi ya madini ambayo Marekani iliyategemea kutoka nje, kobalti ikiwa mbele. Ripoti zake husomwa na wataalamu wa metali peke yao, na wanahistoria wetu hawajazigusa. Walichukua aloi zilizokuwa kazini, wakaipunguza kobalti hatua kwa hatua na kuweka nikeli mahali pake, kisha wakapima. Aloi moja yenye asilimia 17 ya kobalti ilionekana ingeweza kupunguziwa nusu bila hasara kubwa. Kwenye aloi za kuzuia msuguano kazi ilikuwa ngumu zaidi, na hata leo kobalti haijatoka humo. Mwelekeo wa utafiti uligeuzwa na mji wa migodi ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili. Nashangaa inakuwaje mtu aandike kwamba Afrika haikuwemo.

Katanga ina hata historia yake iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani, alitoa maandishi kuhusu mji wa Elisabethville, na Johannes Fabian aliyachapisha upya mwaka 1990. Yanazungumzia mabwana, kazi na kampuni. Turbini hazimo. Hata hivyo ni sauti ya watu walioishi pembeni kabisa mwa migodi hiyo, na mwandishi wa historia ya aloi asiyeisoma anakuwa ameamua kwamba kobalti ilijitoa ardhini yenyewe.

Nchini kwetu Tanzania moto umechukua sehemu kubwa ya kazi ya maji tangu 2004, ingawa Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limerudisha mizani. Gesi ya Songo Songo ni safi. Hewa ya pwani haina usafi huo: chumvi ya bahari ikikutana na salfa kidogo hutengeneza salfeti ya sodiamu, nayo ikiyeyuka juu ya panga huvunja lile gamba la oksidi. Utando wenye kobalti na kromiamu nyingi ndio unaostahimili chumvi hiyo vizuri, kwa hiyo mtambo wa moto wa Dar es Salaam una sababu yake ya kuikumbuka Kolwezi.

Mnunuzi mkubwa wa kobalti leo ni betri. Mwezi Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, na Oktoba ikaweka viwango vya mgao kwa kila msafirishaji. Safari hii hofu ya wanunuzi ilipangwa mezani, na waliopanga ni wenye madini.