Ukakamavu: neno lisiloandikwa kwenye boksi la tripodi

Chukua tripodi yoyote ya safari ya bei nafuu kwenye maduka ya Kariakoo au ya katikati ya Nairobi, usome boksi lake. Utakuta uzito wake, mara nyingi kilo moja na nusu au pungufu. Utakuta urefu wake ikikunjwa, sentimita 40 hivi, ili iingie kwenye begi la mgongoni. Kisha, kwa maandishi makubwa kuliko yote, utakuta mzigo inaoweza kubeba: kilo 8, kilo 10, pengine 12. Mnunuzi anapiga hesabu ya haraka. Kamera yake isiyo na kioo, pamoja na lenzi ya kawaida, ina kilo moja hivi. Basi tripodi hii inabeba mara nane ya anachohitaji! Analipa, anaondoka. Jioni anasimama upande wa Kigamboni, anaielekeza kamera kwenye majengo ya Posta ng'ambo ya maji, anapiga picha ya nusu sekunde kwa lenzi ndefu. Kila taa inatoka na mkia.

Hakudanganywa. Tripodi hiyo itabeba kilo 8 bila kuvunjika. Lakini kilo 8 ni habari ya nguvu, na kilichoiharibu picha yake ni upungufu wa ukakamavu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na Kiswahili kina maneno ya kuyatenganisha. Tatizo ni kwamba tukizungumzia vifaa tumezoea kuyafunika yote kwa neno moja, "imara", tukaishia hapo.

Ukakamavu, kwa maana ya uhandisi, ni kiasi ambacho kitu hukataa kupinda au kujisokota kinaposukumwa. Hupimwa kwa kugawanya nguvu iliyotumika kwa umbali ambao kitu kimesogea, yaani nyutoni kwa mita. Na kwa msokoto, nyutoni-mita kwa radiani. Kipimo hiki huanza kufanya kazi tangu mguso wa kwanza kabisa, kidole kinapogusa kitufe cha kamera. Nguvu, kwa upande wake, huulizwa mwishoni: ni mzigo gani utakaokivunja kitu hiki au kukipinda kisirudi tena katika umbo lake? Kamba ya nanga ina nguvu ya kuzuia jahazi zima lisichukuliwe na maji, lakini ukakamavu haina hata chembe. Ukishika ncha yake moja, nyingine inaning'inia. Mguu mwembamba wa tripodi uko mahali fulani katikati: hauvunjiki, na bado unatikisika.

Kuna watakaoona neno hili halifai. Ukitaja ukakamavu kwa Mtanzania, anawaza skauti, mgambo, mchakamchaka wa shuleni alfajiri. Anawaza ushupavu wa mtu. Ni kweli, na maana hiyo haina sababu ya kuondoka. Ila mzizi wake ni kitenzi kukakamaa, na kitenzi hicho ni cha mwili kabla ya kuwa cha tabia. Misuli hukakamaa kwa baridi. Maiti hukakamaa. Ngozi mbichi ikianikwa juani hukakamaa, na ukijaribu kuikunja inakataa. Kule kukataa kukunjwa ndiko hasa mhandisi anakokutafuta. Neno limeshafanya kazi hiyo kwa muda mrefu kwa wachunaji ngozi na waosha maiti. Tripodi ni mteja mpya tu.

Mshindani wake mkubwa ni "ugumu", na mimi nalikataa kwa sababu moja: lina kazi nyingine tayari. Ugumu ni sifa ya uso wa kitu, jinsi usivyokubali kuchubuliwa, ndiyo maana madini hupangwa kwa ugumu na almasi hukaa kileleni kwa alama 10. Kioo ni kigumu na kinavunjika. Tukiuita ukakamavu wa tripodi "ugumu", fundi atafikiria kifungio kisichofunguka. "Uthabiti" nao ni neno zuri linalohitaji kulindwa, kwa kuwa linaeleza jambo tofauti kabisa, la kutoanguka. Nitalirudia.

Sasa turudi kwenye boksi. Miguu ya tripodi ni mabomba. Ukakamavu wa bomba lenye ukuta mwembamba, kwa kupinda na kwa kujisokota, hufuata kipenyo chake kwa kipeo cha tatu, yaani kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe na kwa chenyewe tena, kisha kwa unene wa ukuta. Punguza kipenyo kwa nusu, unene wa ukuta ukibaki uleule, na ukakamavu unabaki sehemu moja kati ya nane. Linganisha tripodi mbili, moja bomba lake la juu lina kipenyo cha milimita 22 na nyingine 28. Kwa macho, dukani, tofauti hiyo haimshtui mtu. Lakini bomba la milimita 28 lina ukakamavu takriban mara mbili, na uzito wa bomba lenyewe umeongezeka kwa robo tu na kidogo. Sioni mahali pengine popote katika biashara hii ambapo gramu chache zinanunua kitu kikubwa kiasi hicho. Ndiyo maana mashindano ya kuifanya tripodi iwe nyepesi kuliko zote yananisikitisha: gramu za kwanza kuondolewa mara nyingi ni hizo hizo.

Mbaya zaidi ni idadi ya vipande. Ili mguu ukunjike uwe mfupi, hukatwa vipande vinne au vitano vinavyoingiana, na kila kimoja lazima kiwe chembamba kuliko kilichotangulia, kwa milimita 3 hivi au 4. Anza na milimita 22, teremka vipande vitano, na cha mwisho kinachogusa ardhi kina kama milimita 10. Ukakamavu wake, kwa ukuta uleule, haufiki hata sehemu ya nane ya kile cha juu. Na kamera nzima inasimama juu ya hivyo vitatu vya mwisho. Zaidi ya hapo, kila ungio ni mahali pa kuingia mchezo, kama mafundi wasemavyo beringi "ina mchezo": mtikisiko mdogo ambao huuoni kwa macho ila mkono unausikia.

Kwenye maboksi mengine utasoma kwamba alumini iliyotumika ni ya daraja la ndege. Inawezekana kabisa. Lakini hapa ndipo tofauti ya nguvu na ukakamavu inapoonekana wazi kuliko popote. Ukichanganya alumini na metali nyingine kidogo, unaweza kuongeza nguvu yake mara kadhaa. Ukakamavu wa malighafi yenyewe, unaopimwa kwa moduli ya Young, hautikisiki: karibu aloi zote za alumini ziko kwenye gigapaskali 70 hivi, ziwe za ndege au za sufuria. Aloi ya ndege itaufanya mguu usivunjike begi likianguka kutoka juu ya basi. Picha haitapata faida yoyote ya maana. Kinachosaidia picha ni umbo: kipenyo, unene wa ukuta, ubora wa maungio.

Halafu kuna nguzo ya kati, ile inayopandishwa ili kuongeza kimo. Kimo cha sentimita 150 kinachoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hujumuisha nguzo hiyo ikiwa juu kabisa. Nguzo iliyoshikwa chini na kuachwa wazi juu hupinda kwa kufuata kipeo cha tatu cha urefu wake. Ipandishe sentimita 30 badala ya 15, na kwa msukumo uleule ncha yake itasogea mara nane. Kwa maoni yangu tripodi ya safari ihesabiwe kimo chake nguzo ikiwa imeshuka, na aliye mrefu akubali kuinama.

Je, inatikisika kiasi gani kabla ya kuharibu picha? Hesabu yake si ngumu. Sensa yenye upana wa milimita 36 na pikseli 6,000 kwa mlalo ina pikseli za mikromita 6 kila moja. Ukiwa na lenzi ya milimita 200, kamera ikigeuka kwa sehemu moja ya 580 ya digrii, taswira imehama pikseli nzima. Hakuna jicho linaloweza kuona mguu ukisogea hivyo. Ukiwa na lenzi ya milimita 24, unahitaji sehemu moja ya 70 ya digrii kupata madhara yaleyale. Kwa hiyo swali la kama tripodi nafuu "ni nzuri" halijakamilika mpaka useme unaitumia na lenzi gani. Ileile inayomfaa mpiga picha wa mandhari, anayetaka anga lote la Jozani na miti yake, itamwangusha anayetaka kuvuta mnara ulio kilomita tatu.

Muda nao unahusika, kwa namna isiyotarajiwa. Picha ya sekunde 30 huvumilia mguso wa kidole kuliko picha ya nusu sekunde. Kama mtetemo unaisha ndani ya nusu sekunde, kwenye picha ndefu umechukua sehemu moja tu ya 60 ya mwanga wote, lakini kwenye ile ya nusu sekunde umeichukua yote.

Kupima ukakamavu dukani hakuhitaji mashine. Nenda na kamera yako na lenzi yako ndefu kuliko zote. Simamisha tripodi kwa kimo utakachokitumia kweli, funga kamera, elekeza kwenye maandishi madogo ng'ambo ya mtaa, kisha kuza taswira kwenye kioo cha nyuma mara 10. Gonga mguu mmoja kwa ukucha, kidogo tu. Maandishi yatarukaruka, tazama yanavyoruka kwa upana gani, na yanachukua muda gani kutulia. Halafu shika sahani ya juu kwa vidole na uisokote taratibu kulia na kushoto. Hapo ndipo tripodi nyingi nyepesi hujifichua, kwa sababu wasokotaji ni wachache na wakandamizaji ni wengi: wateja karibu wote hukandamiza kwa kiganja kuelekea chini, upande ambao miguu mitatu hustahimili kuliko wote. Ukimaliza, ingiza vipande vya mwisho vya miguu ndani, urudie. Mara nyingi utaona umepoteza sentimita 25 hivi za kimo na umepata kifaa kingine kabisa.

Sasa uthabiti. Miguu mitatu haichezi kwenye ardhi ya mawe kwa kuwa nukta tatu daima hulala kwenye bapa moja. Minne haina uhakika huo. Tripodi huanguka pale uzito wake unapovuka nje ya pembetatu ya nyayo zake, na upande dhaifu ni ule wa kati ya miguu miwili. Kwa hiyo mguu mmoja uelekezwe mbele, chini ya lenzi. Kuning'iniza begi kwenye kulabu ya nguzo kunaongeza uthabiti, maana kunashusha kitovu cha uzito. Ukakamavu hakuongezi kwa kiasi cha maana, na wakati wa kusi, begi linalobembea huleta mtikisiko wake lenyewe. Liache liguse ardhi kidogo.

Jambo moja ambalo dunia ya wapiga picha imekubaliana ni skrubu. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 1222, kinachohusu maungio ya tripodi, na ndiyo maana kamera ya kampuni yoyote huingia kwenye skrubu ya robo inchi. Kuhusu kilo za kubeba, kila mtengenezaji hupima kwa utaratibu wake. Namba ya kilo 8 ya mmoja na kilo 8 ya mwingine hazilinganishiki. Kwa sababu hiyo ningependa wanaotathmini vifaa kwa Kiswahili waache kuinakili namba hiyo, waandike badala yake kipenyo cha bomba la juu na la chini kabisa, idadi ya vipande, na kimo nguzo ikiwa imeshuka. Rula ya shilingi chache inatosha kwa kazi hiyo.

Limebaki neno moja, la sifa ambayo huambatana na ukakamavu na mara nyingi huchanganywa nao: uwezo wa kifaa kumeza mtetemo hadi ukaisha. Napendekeza "ufifishaji", kutoka kufifia, kwa kuwa mtetemo haukatiki ghafla, hufifia. Miguu ya nyuzi za kaboni, ambayo Gitzo walianza kuitumia kwenye tripodi zao mwaka 1994, hufifisha vizuri kuliko alumini, na kwa uzito sawa huwa na ukakamavu mkubwa zaidi, mradi baadhi ya nyuzi zimelazwa kwa pembe kuzunguka bomba ili kuzuia msokoto. Lakini kaboni nyembamba ya milimita 22 bado ni bomba la milimita 22. Mwenye fedha kidogo, akiwekewa mezani kaboni nyembamba ya vipande vitano na alumini nene ya vipande vinne kwa bei moja, achukue alumini, abebe hizo gramu 300 za ziada, na aweke taima ya kamera kwenye sekunde 10 badala ya 2 anapotumia lenzi ndefu, ili mtetemo wa kidole upate muda wa kufifia kabla shata haijafunguka.