Kasri la Grogan: Watoto Waambiwe Yote

Familia ya Mbololo, hapa Taita Taveta, inayotaka kuwaonyesha watoto nyumba ya kale iliyokarabatiwa haina haja ya kwenda hadi Lamu. Ishuke Voi, ishike barabara ya Taveta, ipite mkonge wa Mwatate, Bura, Maktau na kilima cha Salaita walikopigana Waingereza na Wajerumani mwaka 1916. Karibu na Taveta, juu ya kilima, liko Kasri la Grogan.

Ewart Grogan alilijenga miaka ya 1930 akiwa bwana wa mashamba makubwa ya mkonge. Kutoka barazani unauona Kilimanjaro, Ziwa Jipe na milima ya Upare. Mzungu yule alijua kuchagua mahali.

Wageni husimuliwa kwanza habari ya mapenzi. Kijana Grogan alimtaka Gertrude Watt, mlezi wa binti akamtilia shaka, naye Grogan, ili ajithibitishe, akaivuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, alikofika mwaka 1900. Akaozwa. Hospitali ya watoto ya Gertrude's jijini Nairobi ilianzishwa mwaka 1947 kwa kumbukumbu ya mke huyo.

Lakini wasifu wake ulioandikwa na Edward Paice, ambao ndio niliouegemea, una kisa kisichofaa kusimuliwa nusunusu. Machi 1907 Grogan, kiongozi wa chama cha walowezi, aliwaburuta Wakikuyu watatu, wavuta riksho, hadi mbele ya mahakama ya Nairobi. Kosa lao? Eti waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamewabeba. Hakuna shtaka lililosomwa wala shahidi aliyeitwa. Umati wa walowezi ulikuwa umekusanyika, hakimu alijaribu kuingilia akapuuzwa, na Grogan akashika kiboko mwenyewe. Angalia mahali alipopachagua: mlangoni pa sheria, ili serikali ione kwamba walowezi hawaihitaji. Serikali haikuweza kufumba macho. Ilimshtaki, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Hakikumwangusha, aliendelea kuwa mtu mkubwa katika siasa na biashara za koloni.

Alifariki mwaka 1967. Mashamba yalibadilisha mikono, kasri likawa gofu, kisha likakarabatiwa na kufanywa hoteli. Mgogoro wa ardhi ya mashamba hayo Taveta haukwisha, na wapo wanaoishi kama maskwota kwenye nchi ya babu zao.

Sipingi ukarabati. Gofu halimfundishi mtu, na kaunti yetu inahitaji watalii wanaokaa badala ya kupita mbio kwenda Tsavo. Ninachopinga ni nyumba kupakwa rangi na historia yake kupakwa pia. Wenye hoteli na serikali ya Kaunti ya Taita Taveta waweke ukutani habari za vibarua waliokata mkonge na za wale watatu wa Nairobi, kwa Kiswahili, ili mtoto wa Mbololo azisome mwenyewe.