Mbona Thika Haiundi Mustang? Stori ya KVM, V8 za Marekani na Kampuni Zinazozima Taa

Ukiishi Ruiru karibu na Superhighway, unajua moti kwa masikio. Ile inapiga pa-pa-pa kama mahindi kwa sufuria ni Subaru. Lakini ikipita kitu inanguruma kutoka tumboni, mbogi yote inageuza shingo. Hiyo ni V8 ya Marekani, na mara nyingi ni Mustang. Ziko chache sana Kenya. Sasa, kilomita kama 20 mbele, pale Thika, kuna kampuni imekuwa ikiunganisha magari tangu miaka ya 70. Swali linajileta lenyewe: mbona hizi ndai zisiunganishwe hapo?

Kwanza tuelewane. Zile Wamarekani huita muscle car si moti za mabilionea. Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huihesabu kama ya kwanza, ilikuwa gari ya kawaida ya wastani iliyotiwa injini kubwa kuliko bodi yake. Mwaka huo huo Ford wakatoa Mustang, na chini ya miaka miwili walikuwa wameuza zaidi ya milioni moja. Charger ikafuata 1966. Zilikuwa za kijana mwenye mshahara wa kawaida anayetaka kuonekana mtaani. Hiyo ndiyo sehemu inauma ukiangalia bei zake hapa.

Kuleta moja Kenya ni kazi. Sheria haitaki sukani ya kushoto, ukitoa magari ya kazi maalum. Haitaki pia gari iliyozidi miaka 8. Kwa hivyo ile Charger ya zamani umeiona kwa muvi, sahau. Challenger nayo haikuwahi kutoka kiwandani na sukani ya kulia. Mustang ilianza kuundwa hivyo 2015, ndiyo maana ukiona Mmarekani kwa Thika Road kawaida ni yeye. Halafu injini ya petroli ikipita 3,000cc, ushuru wa bidhaa pekee ni asilimia 35, na hapo hujagusa ushuru wa forodha wala VAT. Mustang GT ni lita 5. Piga hesabu mwenyewe.

KVM ni nani?

Kenya Vehicle Manufacturers ilianza 1974 ikiitwa Leyland Kenya, serikali ikiwa na asilimia 35 na Leyland ya Uingereza ikiwa mwenzake mkubwa. Ni moja ya viwanda vitatu vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa miaka hiyo. Vingine ni General Motors pale Mombasa Road, Nairobi, na AVA ya Mombasa. Leyland wa Uingereza wakaanguka, na 1989 kampuni ikabadilishwa jina. Lori, Land Rover, mabasi, zote zimepitia hapo.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kuunganisha si kuunda. Gari inakuja ikiwa vipande ndani ya makreti, wasee wanachomelea bodi, wanapaka rangi, wanafunga injini na sukani, wanaipima, inatoka. Ni kazi ya ujuzi kabisa. Lakini anayeamua ni gari gani ije, na ije ngapi, yuko ng'ambo. Akibadilisha mawazo, laini inasimama hata kama fundi wa Thika hajakosea kitu.

Mfano uko karibu. Desemba 2016 Uhuru alikuja Thika kuzindua Volkswagen Polo Vivo, VW wakirudi kuunganisha Kenya baada ya karibu miaka 40. Mpango ulikuwa waanze na magari 1,000 kwa mwaka, yafike 5,000. Peugeot nao wakaingia KVM 2017. Lakini angalia barabara leo. Polo Vivo ngapi umepita nazo wiki hii? Na Vitz ngapi?

Jibu ni mitumba ya Japani. Tangu soko lifunguliwe miaka ya 90, gari mpya ya Thika inashindana na ex-Japan ya miaka saba ambayo KRA wameipunguzia thamani kwa sababu ya umri kabla ya kupiga ushuru. Vipande vya kuunganishwa havilipi ushuru wa forodha, sawa, lakini bado mpya haifiki bei ya mtumba. Na siwezi laumu mtu. Ukiwa na laki nane unanunua gari unayoweza, si uzalendo.

Kama unadhani hii ni shida ya Afrika tu, cheki Kanada. Ndio, Kanada, kwa sababu Challenger na Charger za V8 ziliundwa huko, mji wa Brampton. Ya mwisho ilitoka Desemba 2023. Wafanyakazi karibu 3,000 wakaenda nyumbani wakiahidiwa kwamba kiwanda kinatayarishwa kwa Jeep mpya. Oktoba 2025 wenyewe, Stellantis, wakatangaza hiyo Jeep itaundwa Illinois, Marekani. Camaro ya Chevrolet nayo ilikufa mwezi ule ule wa Desemba 2023. Hiyo Chevrolet ilikuwa na jina Kenya pia, mpaka General Motors walipouzia Isuzu hisa zao za asilimia 57.7 mwaka wa 2017 na kutoka. Bahati nzuri Isuzu waliendelea kuunganisha pale pale.

Yetu wenyewe tulijaribu. 1986 Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari. Zikatoka tano za majaribio, Nyayo Pioneer, zikazinduliwa Februari 1990 Kasarani. Pesa za kuziunda kwa wingi hazikupatikana. Karakana ya mradi huo ikageuka Numerical Machining Complex. Novemba 2023, serikali ilipotoa listi ya kampuni 11 inataka kuuza, NMC na KVM zote zilikuwa ndani. Mahakama Kuu ikaitupa sheria ya uuzaji huo Septemba 2024. Mwezi mmoja kabla ya uamuzi huo, Mobius, ile SUV ya kubuniwa Kenya ambayo za kwanza ziliunganishwa hapo hapo KVM, walikuwa wametangaza kufunga, kisha wakapata mnunuzi wa nje.

Kinachosukuma laini ya Thika siku hizi hakina V8. Tangu 2024 BasiGo wanaunganisha mabasi ya stima hapo KVM, na mwenye basi anaweza kulipia betri kulingana na kilomita. Dodge wenyewe wameleta Charger ya stima, ikawabidi waifunge spika ya kutoa sauti kama ya egzosi. Basi la Thika halina mambo hayo. Linapita Ruiru kimya, na kama hukuwa unaangalia barabara, hata hujui limepita.