Mpaka wa 1886 na Kisu cha Ngariba

Wapo wenzetu hapa Maganzo wanaouliza: ukeketaji si mila ya Wasukuma, basi somo hili la nini Shinyanga? Machimbo ya almasi kando ya Mwadui, kama yale ya dhahabu ya Geita, yamekutanisha watu wa mikoa mingi, na kila mtu huja na mila zake. Lakini tunayo sababu kubwa zaidi, nayo ni ya kihistoria.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria. Mstari huo uliwapasua Wakurya. Koo za Wakira, Wanyabasi na Wairege zikawa na watu Tarime na watu Kenya. Serikali zikawa mbili, ukoo ukabaki mmoja. Wazee wa inchama waliendelea kupanga msimu wa tohara, na ng'ombe wa mahari waliendelea kuvuka. Hapa ndipo penye kiini. Msichana aliyekeketwa ndiye aliyehesabiwa mwanamke, tayari kuozwa, na kuozwa kwake ni ng'ombe zizini. Anayedhani kisu hiki kinashikwa na ujinga peke yake hajautazama uchumi wake. (Nasi wa Shinyanga tusijione safi: mwaka 2010 mkoa wetu, usio na ngariba, uliongoza nchi nzima kwa ndoa za utotoni.)

Mkoloni alijaribu amri. Huko Meru, Kenya, mwaka 1956, baraza la Njuri Ncheke lilisukumwa na maofisa wa kikoloni likapiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakaanza kukeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika miaka 3 watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau, na amri ya mtawala asiyeaminiwa iligeuza kisu kuwa bendera.

Serikali za wananchi zilitunga sheria zake, ila kila nchi kivyake: Tanzania 1998, Uganda 2010, Kenya 2011. Wenye mila wakajifunza kuutumia mpaka. Wasabiny wa Kapchorwa walivusha wasichana kwenda kwa Wapokot wa Kenya, na Wakurya walivusha wao pale Sirari, hasa Desemba shule zikifungwa. Aprili 2019, mjini Mombasa, mawaziri wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walipitisha tamko na mpango wa pamoja juu ya uovu huo wa kuvuka mpaka. Hatua hiyo tunaiunga mkono. Lakini waziri hamwoni mtoto anayevushwa usiku. Anayemwona ni mwalimu, balozi wa nyumba kumi, na kijana wa bodaboda aliyelipwa nauli.

Sheria zenyewe pia hazikulingana. Ile ya Kenya ilimlinda mwanamke wa umri wowote, ikamtia hatiani hata anayemtoa nchini ili akakeketwe. Kifungu chetu cha 1998 kilimtaja asiyefikisha miaka 18 tu.