BARUA KUTOKA RUNGWE

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani,

Kila mwaka Chama chetu hutoa tangazo la kuomba michango, na kila mwaka wachangiaji ni wale wale. Wapo wanaosema kuwa wenzetu wamekuwa wabahili. Mimi niliyefundisha historia naona sababu nyingine: hatuwaelezi watu fedha zao zinakwenda kufanya kazi gani. Wilaya yetu ina funzo la zamani juu ya jambo hili.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, si mbali na Tukuyu ya leo, mwaka 1891 wakitoka Ujerumani. Kazi yao ilitegemea sadaka, nyingi zikiwa za watu wa kawaida ambao wasingeiona Rungwe maishani mwao. Kilichowaunganisha ni barua. Ziliteremka hadi Ziwa Nyasa, zikafuata mito ya Shire na Zambezi mpaka pwani ya Chinde, kisha zikavuka bahari. Desturi hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Tangu mwaka 1790 kanisa lao lilichapisha jijini London jarida la habari za misheni zake, na mwaka 1817 watu wa madhehebu mengine wakaunda huko chama cha kuzichangia.

Hata hivyo, maandishi mengi ya misheni ya wakati ule yalimchora Mwafrika kama mtu wa gizani anayengoja kuokolewa. Mtoaji alisifiwa, mpokeaji akakosa sauti.

Lakini yalikuwapo ya namna nyingine. Kule Utengule, Usafwa, Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliwasikiliza wanawake waliopitia utumwa akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Mmoja wao ni Narwimba. Katika simulizi yake tunamwona mjane akijitafutia ulinzi mwenyewe, katika nchi iliyojaa wauza watumwa. Habari hizo zilichapwa Ujerumani kwa ajili ya wasomaji wa misheni, na mwaka 1993 Marcia Wright alizitoa tena kwa Kiingereza katika kitabu chake. Maandishi mengi ya kuomba sadaka yamesahauliwa. Sauti ya Narwimba ingali inasomwa.

Vita vilipofika huku mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliondolewa. Kanisa halikufa, kwa kuwa walikuwapo walimu na wazee wenyeji walioiona kazi hiyo kuwa ni yao.

Basi tangazo letu lijalo lisiseme tu "changieni shule". Liseme ni paa la bweni gani, na mabati mangapi. Mwanafunzi aliyesaidiwa, akiridhia, aeleze mwenyewe alichokifanya kwa msaada huo, tusimwonyeshe kama ombaomba. Na kila aliyetoa, hata kama ni shilingi elfu moja, apate taarifa ya matumizi kabla hatujamwomba tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye haba yake hupenda kukiona kibaba.