Nani Anashika Kipande? Kutoka Lushoto ya 1907 Hadi Kompyuta ya Mezani

Leo nazungumzia ratiba ya kazi. Sina maana ya ile inayobandikwa ukutani pale kazini. Nina maana ya jedwali linaloamua kazi gani ifanyike, lini, na nani aweke alama kwamba imefanyika. Mafundi wa kompyuta wanadhani jedwali hili ni lao. Watu wa Usambara walilijua kabla haijawashwa kompyuta hata moja duniani.

Hebu turudi mwaka 1907. Mji tunaouita Lushoto, Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ilikuwa imekwishafika Mombo, chini kabisa ya mlima, mwaka 1905. Huko tambarare mkonge ulikuwa umeshika kasi. Mbegu yake ililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na inajulikana kuwa katika miche elfu moja aliyoagiza, iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe.

Mashamba yalikuwepo, reli ilikuwepo, kilichokosekana ni watu. Msambaa alikuwa na migomba yake, mahindi yake na mbuzi wake juu mlimani. Kwa nini ateremke kwenye joto akalime shamba la mtu mwingine? Kwa mlowezi huo ulikuwa uvivu. Kwa Msambaa ilikuwa hesabu ya kawaida tu: muda alikuwa nao, ila ulikuwa na kazi yake tayari.

Ndipo mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ikaleta kadi ya kazi. Mwanamume mzima asiye na ajira ya kudumu alipewa kadi, na akatakiwa afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwishapangwa. Asiyetimiza siku zake alipelekwa kwenye kazi za umma. Siku za kazi zilihesabiwa kwenye kadi, na aliyehesabu hakuwa yeye mwenye jasho.

Hicho ndicho kipande. Waingereza walipokuja, neno na kadi vikaendelea kwenye mashamba ya mkonge. Kibarua alikuwa na kadi ya siku 30. Akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, anawekewa alama. Asipomaliza, hakuna alama. Malipo yalitoka kadi ikijaa. Kwa hiyo "mwezi" wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Mtu aliweza kuumwa, akapumzika, akaenda kuzika, na mwezi wake ukawa bado uko katikati wakati wa wengine umekwisha. Walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, hasa baada ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kutafuta vibarua, kuanzishwa mwaka 1944, waliitwa manamba. Neno hilo limetokana na namba. Mtu akawa namba, na namba ikawa na kazi zake kwenye jedwali.

Tusichanganye na kipande cha Kenya. Kule kilikuwa hati ya utambulisho ambayo mwanamume alilazimika kutembea nayo, wengi wakaivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Jina ni moja, kazi zilitofautiana.

Sasa tuingie kwenye kompyuta.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Zama zile mtu hakukaa mbele ya mashine akabonyeza. Kazi zilikusanywa kwa mafungu: hesabu, mishahara, takwimu. Zilitobolewa kwenye kadi, zikapangwa foleni, zikapelekwa kwa waendeshaji, nawe ukasubiri majibu. Mashine ilikuwa moja, foleni moja, na mpangaji mmoja. Mwenye kadi hakuwa na sauti juu ya lini kadi zake zitasomwa.

Mambo hayakwenda vizuri. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, pamoja na televisheni. Marufuku ile ililegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Wengi wetu tunaisimulia kama kichekesho, lakini ndani yake kuna swali zito: mashine ikishika hesabu zako nawe huelewi inavyozipanga, nani bosi?

Wakati sisi tumefunga mlango, Marekani kwenye maabara za Bell Labs walikuwa wanaijenga Unix. Toleo la saba, la mwaka 1979, lilikuja na programu inayoitwa cron, ambayo huhusishwa na Brian Kernighan. Kazi yake ilikuwa nyepesi: iamke kila dakika, isome jedwali, ione kama kuna kazi ya dakika hii, iifanye, ilale tena. Lakini jedwali lilikuwa moja tu kwa mashine nzima, na lilikuwa la msimamizi wa mfumo. Mtumiaji wa kawaida hakuwa na jedwali lake mwenyewe.

Katika miaka ya 1980 ndipo hilo likabadilika. Cron mpya zikampa kila mtumiaji jedwali lake, ikiwemo ile ya Paul Vixie ya mwaka 1987 iliyoenea sana baadaye kwenye Linux. Kwangu mimi hapa ndipo historia inapogeuka. Mashine haikuongezewa nguvu yoyote. Kilichobadilika ni mkono unaoandika.

Je, kuweka ratiba yako kwenye kompyuta ya mezani kukoje? Kwenye Linux unaandika amri crontab -e, jedwali linafunguka. Kila mstari una nafasi tano za muda: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Baada ya hapo unaandika kazi yenyewe. Mstari unaoanza na 30 2 * * * maana yake ni kila siku saa nane na nusu usiku. Angalia hapo! Cron haijui saa za Kiswahili. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanza jua linapochomoza. Ukiandika 8 ukidhani umeweka saa nane usiku, kazi yako itafanyika saa mbili asubuhi, saa ambayo unaihitaji mashine kuliko wakati wowote.

Lakini cron ina dhana moja ya kizungu: kwamba mashine haizimwi. Kwenye seva sawa. Kwenye kompyuta ya nyumbani, Lushoto au Manzese, umeme unakatika, au mwenyewe unazima ukienda kulala. Saa nane na nusu usiku ikipita mashine imezimwa, cron haikumbuki deni. Kazi imepita, basi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikapatikana anacron. Hii haiulizi sasa ni saa ngapi. Inauliza: zimepita siku ngapi tangu kazi hii ifanyike mara ya mwisho? Kila kazi ina faili dogo lenye tarehe. Ukiwasha mashine na siku zimezidi, inafanya kazi iliyodaiwa, inaandika tarehe mpya. Task Scheduler ya Windows nayo ina sehemu ya kuchagua kwamba kazi iliyokosa muda wake ifanyike mara nafasi ikipatikana.

Bila shaka umekwishaona ninakoelekea. Mantiki ya kipande ni hiyohiyo: hesabu kazi iliyofanyika, usihesabu kalenda. Simlinganishi binadamu na programu, maana programu haina mgongo wa kuuma. Ninalosema ni kwamba jedwali lenyewe halina ubaya wala wema. Mikononi mwa nyapara, lilikuwa mnyororo. Mikononi mwako, ni kumbukumbu inayokusaidia.

Kwa sisi wa magazeti mimi napendekeza kazi tatu za kuanzia. Ya kwanza, nakala ya maandishi na picha zako zote kwenye diski ya pili, kila siku. Ya pili, kupakua usiku mafaili makubwa ili mchana intaneti ibaki ya kutafutia habari. Ya tatu, kila wiki, kuhamisha mafaili ya zamani kwenye folda ya mwaka wake. Na kila kazi iandike kwenye faili moja imemaliza saa ngapi na kama imefaulu, kwa sababu kazi inayoshindwa kimyakimya ni mbaya kuliko isiyokuwepo. Ukijua huna nakala, utakuwa mwangalifu. Ukidhani unayo, utafuta ya asili.

Faili hilo lisome mwenyewe kila Jumatatu. Kibarua wa mkonge alikuwa na sababu nzuri ya kuzihesabu alama zake moja moja kabla ya siku ya malipo. Alama alikuwa anawekewa na mtu mwingine, lakini siku zilikuwa zake.